Jumamosi za Matanga

Mvua ya Bukavu haiagi. Mwezi wa tano inapiga mabati kana kwamba ina kisasi nasi, halafu siku moja unaanika shuka asubuhi na jioni unazikuta zimekauka kweli. Mume wangu aliingoja siku hiyo kama wengine wanavyongoja mshahara. Kwake yeye mwaka haukuanza Januari. Ulianza pale udongo wa Muhumba, mtaa wetu, ulipokauka kiasi cha mtu kutembea bila kurudi nyumbani na nusu ya barabara kwenye viatu.

Alikuwa bwana shamba. Mwanzo wa wiki alishuka uwandani, Luvungi, kwenye mipunga na mihogo ya watu, akarudi Alhamisi, shingo nyeusi kwa jua. Alhamisi hiyo hiyo, tukimaliza kula, alisimama mezani, akakohoa, akatoa matangazo ya wikendi kwa sauti ya katekista anayesoma matangazo ya parokia baada ya komunyo. Binti yetu alikuwa akiitika "amina" kila baada ya tangazo. Mimi nilikuwa nikikusanya sahani kwa kelele ili wajue maoni yangu.

Alikuwa na sheria yake. Wikendi njema ni lazima iwe na kitu cha macho, kitu cha masikio na kitu cha miguu. Cha macho kilikuwa picha za wachoraji vijana zilizotundikwa kwenye ukumbi fulani mjini, au mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Cha masikio kilikuwa kwaya, au wapiga gitaa wanaojaribu nyimbo zao mpya mbele ya watu wachache na viti vingi vitupu. Cha miguu kilikuwa safari ya kando ya ziwa, au kupanda hadi Nyantende kwa mama yake, tukipita kwenye mashamba ya maharage yaliyoning'inia kwenye kilima, na kurudi tumebebeshwa viazi vitamu ambavyo hatukuviomba.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Jumamosi ni siku ya madaftari ya wanafunzi na ya kufua, na nilimwambia hivyo miaka yote ya ndoa yetu. Mbele ya picha alisimama hadi mchoraji akaona haya, akimwuliza ile rangi ya buluu ameipata wapi, ni ya ziwa la asubuhi au la mchana. Mimi nilikuwa natafuta kiti. Kwenye muziki alipiga makofi nje ya mdundo, kwa furaha kubwa, na binti yetu akasogea mbali kidogo ili watu wasijue ni baba yake. Nilinung'unika kila Alhamisi, na kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Alifariki mwaka jana, mvua zikiwa katikati. Ilikuwa presha. Asubuhi alilalamika kichwa, akasema angelala kidogo. Mchana tulikuwa hospitali, na jioni nilikuwa mjane. Sijui kusimulia zaidi ya hapo, na hata nikijua sitaki.

Kwetu kifo hakiishi makaburini. Baada ya mazishi nyumba inabaki ndani ya matanga hadi familia ya marehemu ikutane na kuyaondoa. Siku hiyo kunakuwa na misa, watu wanakula pamoja, mjane anavuliwa nguo nyeusi, na wakubwa wa ukoo wanasema mbele ya wote kwamba sasa watu wa nyumba hii wanaweza kuishi tena. Kabla ya hapo hamna muziki nyumbani. Hamna harusi. Hamna kwenda penye ngoma, na kucheza ndiyo mwiko wa kwanza kabisa. Mtu anayecheza kabla matanga hayajaondolewa, watu husema amemkanyaga marehemu.

Na wa kuyaondoa alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye anaishi Kinshasa. Tangu vita viingie mjini kwetu, ndege hazitui, na njia nyingine ni za kuzunguka nchi za watu. Kila alipotuma salamu alisema mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, ukapita. Mwaka ukatimia, misa ya kumbukumbu ikasomwa, nikarudi nyumbani na nguo zangu nyeusi zilizoanza kuwa za kijivu mabegani kwa kufuliwa.

Hakuna aliyewahi kuniambia jinsi Jumamosi inavyoweza kuwa ndefu. Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi hadi yakaisha. Nilifua vilivyokuwa safi. Kutoka chini, upande wa ziwa, wakati mwingine upepo ulileta muziki wa mahali fulani, nami nikainuka nikafunga dirisha, si kwa sababu nilichukia muziki, bali kwa sababu binti yangu alikuwa ameacha kufanya alichokuwa akifanya na kukaa kimya, akisikiliza. Alhamisi tulikula haraka na hakuna aliyesimama mezani.

Kisha mvua zikaisha tena. Shuka zikakauka.

Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Tangu akiwa mdogo amekuwa katika kikundi cha ngoma cha vijana wa parokia, wale wanaocheza ngoma za asili za kwetu Bushi wakiwa na njuga miguuni. Tangu msiba hakuwa amekanyaga mazoezini kwa monitrice, mwalimu wao wa ngoma. Alhamisi moja, tukiwa tunaosha vyombo, alisema bila kuniangalia:

"Maman, samedi ya mwisho ya mwezi kuko fete ya vijana. Kutakuwa batu ya kuchora, ya gitare, ya teatre. Na siye tutacheza. Monitrice anasema nirudie fasi yangu ya mbele."

Sherehe, ya Jumamosi, na kucheza. Nilikuwa na sahani mkononi. Niliiweka chini taratibu kwa sababu nilijua ningeivunja.

"Matanga ya papa yako haiyaisha."

"Najua."

"Basi unaniuliza nini?"

"Nauliza itaisha lini."

"Siku tonton yako atatoka Kinshasa."

"Na kama hatakuya?"

Nilimwambia amalize vyombo. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Hakulia, hakubisha, na afadhali angebisha, maana mtoto anayebisha unamgombeza na mambo yanaisha. Alikausha kila kijiko, akaenda kulala na jua bado liko juu ya milima.

Wiki iliyofuata nilimruhusu aende mazoezini kuwasalimia wenzake tu. Nilipita kumchukua. Wenzake walikuwa uani, vumbi limewafika magotini, na yeye ameketi juu ya ukuta mdogo, sweta zao zote zimejaa mapajani mwake. Alikuwa mlinzi wa nguo. Aliponiona alianza kuzigawa moja moja kwa wenyewe, akikunja mikono ya kila sweta kabla ya kuitoa, kama muuza duka asiye na haraka ya kufunga.

Jumapili yake, kwenye misa, ngoma za kwaya zilipoanza wakati wa matoleo, nilisikia benchi linatikisika. Nikainama kana kwamba natafuta rozari. Miguu yake ilikuwa inacheza. Uso wake ulikuwa wa sala, mikono imefungwa, macho kwenye altare, hana hili wala lile. Lakini chini ya benchi visigino vilikuwa vinafuata ngoma, na vilikuwa na uchungu, sijui nisemeje, vilikuwa vinagonga sakafu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wamo watu. Nilirudi kukaa. Sikusikia neno la misa hiyo hadi mwisho. Nilikuwa nimekasirika na sikujua nimemkasirikia nani: mtoto, shemeji, ndege, au yule aliyelala akisema kichwa kinauma.

Nilijua kitu kimoja. Mtoto huyu akikosa ngoma hii, hatarudi tena kwenye kikundi. Angekuwa mtu mzima huku amekaa juu ya ukuta na nguo za wengine. Na ruhusa haikuwa mikononi mwangu. Ilikuwa ya upande wa baba yake, na upande wa baba yake mwenye kauli karibu nasi alikuwa mtu mmoja tu, mama mkwe wangu, kule Nyantende.

Nilikuwa nikimwogopa. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mnyamavu, na mimi watu wanyamavu wananishinda. Tangu msiba nilivaa nyeusi kwa ajili yake, nilifunga redio kwa ajili yake, nikiwaza kwamba siku akisikia nimelegeza hata kidogo, atasema mwalimu huyu wa mjini hakumpenda mtoto wangu.

Nilikwenda siku ya kazi, mchana, kwa pikipiki. Nilimkuta shambani, jembe mkononi. Aliponiona peke yangu aliliacha likaanguka.

"Nani mugonjwa?"

"Hakuna mugonjwa, maman."

"Mutoto?"

"Mutoto iko mu masomo. Nimekuya kuuliza juu ya matanga."

Alinitazama, akaokota jembe lake, akatangulia kuelekea nyumbani. Alinipa kigoda, akanipa maji, yeye akaketi kwenye mkeka. Nikamweleza yote, fete, kikundi, monitrice. Nilisema kwamba kama shemeji hawezi kufika, labda tungemwomba mzee mwingine wa ukoo asimame mahali pake. Nilisema kwa adabu zote nilizofundishwa, macho chini, na nikangoja anikatalie.

"Mukubwa yake aliishaka kunipigia telefone," akasema. "Zamani. Alisema tufanye bila yeye, baba yake mudogo wa hapa amusimamie. Njo miye nilikataa. Nilimuambia tutamungoja."

Mwaka mzima nilikuwa nikiilaumu Kinshasa.

"Ulikataa? Juu ya nini, maman?"

"Siku tutaondosha matanga, weye uko huru. Uko bado kijana. Utaolewa, utaenda na mutoto. Na miye nitabakia na nani? Na kaburi?"

Nilisimama. Sijawahi kusimama mbele yake kwa namna ile, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya darasani.

"Nani alikuambia nataka kuolewa?"

"Hakuna. Na nani aliniambia kama mutoto wangu atanitangulia kufa?"

Hasira yangu haikuwa na pa kwenda baada ya hapo. Nilibaki nimesimama kama mjinga katikati ya nyumba ya watu, kisha nikaketi, si kwenye kigoda, bali kwenye mkeka kando yake. Na kwa kuwa tayari tulikuwa tumevuka mipaka, nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia hata padri. Kwamba kila shemeji aliposema mwezi ujao, nililalamika kwa mdomo, lakini moyoni nilishusha pumzi. Kwa sababu matanga yakiwa bado, nyumba ile ilikuwa bado ya mume wangu. Jumamosi zilikuwa tupu kwa sababu yake, kwa hiyo zilikuwa bado zake. Siku wakubwa watakaposema tuishi, nitakuwa sina kisingizio tena, itabidi niishi.

Tulilia pamoja, yeye kwa utulivu, mimi kwa fujo. Kuku akaingia akatutazama, akatoka.

Alipojifuta macho nikamsimulia habari ya visigino chini ya benchi. Alinifanya niirudie.

"Uso inasali?"

"Inasali."

"Na miguu inacheza."

"Inacheza, maman. Benchi mzima ilikuwa inatikisika."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza ukimya wake haukunitisha.

"Usininyime mutoto," akasema mwishoni.

"Sitakunyima."

"Basi acheze."

Matanga yakaondolewa Jumamosi ile ile ya fete, asubuhi, baada ya misa ya kwanza, mbele ya watu wachache, sebuleni kwetu Muhumba. Baba mdogo wa mume wangu alikuja na kofia yake. Shemeji wa Kinshasa alikuwepo kwa simu, iliyowekwa juu ya kiti cha heshima ikiegemezwa kwenye mto, sauti yake imefunguliwa wote wasikie. Alisema vizuri. Alimwita mdogo wake kwa majina yote, akatushukuru, akafika kwenye baraka, akasema "Na sasa, watu ya hii nyumba…" halafu kimya. Mzee akainamisha kichwa, akatuashiria nasi tuinamishe, maana mtu mzima alikuwa anazidiwa na uchungu na ilifaa kumpa nafasi. Tukainama. Tukaheshimu uchungu wa Kinshasa hadi shingo zikauma. Ni binti yangu aliyenyoosha kichwa, akaichungulia simu, akamwambia babu huyo kwa upole:

"Koko, rezo ilikatika."

Mzee aliangalia simu iliyopoteza mtandao, akatuangalia sisi, kicheko kikampasuka, nasi tukamfuata, tukacheka hadi mama mkwe akashika mbavu. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu mvua za mwaka uliotangulia. Baraka akaimalizia mzee mwenyewe: kwamba tuishi, tule, tuimbe. Tukanawa mikono na uso kwenye beseni moja. Mama mkwe akaniondolea nguo nyeusi kwa mikono yake na kunifunga kitenge alichokuja nacho, cha manjano, chenye ndege wakubwa wenye macho. Kwa hiari yangu nisingekikalia hata kwenye nyasi. Nilikivaa, na kukaza fundo.

Fete ilianza mapema mchana, kwani siku hizi kila mtu anataka kuwa nyumbani kabla ya giza. Ilikuwa kwenye uwanja wa vumbi chini ya ukumbi wa parokia. Vijana walikuwa wamefunga kamba ukutani na kutundika picha zao kwa vibanio vya nguo: ziwa, milima, mwanamke aliyebeba makaa mgongoni, barabara isiyo na mtu. Watu walizitazama bila kusema sana. Nilisimama mbele ya ile ya barabara kwa muda mrefu, nikashangaa kuona sitafuti kiti. Wapiga gitaa wakaimba wimbo wa polepole kuhusu rafiki aliyevuka mpaka. Hapakuwa na shangwe kubwa mchana ule. Watu walikuwa wamekuja kama wanavyokuja misa ya katikati ya wiki, kwa sababu wanaihitaji. Mama mkwe alikuwa kando yangu, amepewa kiti cha plastiki, amekikalia ukingoni tu.

Kisha ngoma zikaingia. Wasichana wakatoka nyuma ya ukumbi kwa mstari, njuga zikilia kwa hatua moja, na wa mbele alikuwa wangu.

Nimemzaa, nimemlisha, namjua hadi kovu la goti. Sikuwa namjua yule. Alikuwa ameinamia ardhi, mabega yanaongea, miguu inapiga vumbi na kuliacha, inapiga na kuliacha, na uso ule wa sala haukuwepo tena, kulikuwa na uso wa mtu aliyefika mahali alipokuwa akienda. Ngoma ziliongeza kasi naye akaongeza. Kikundi kikamzunguka. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele, nami nikasikia kingine kikali zaidi karibu kabisa na sikio langu, na nikachelewa kuelewa kwamba kilikuwa changu. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Ilipokwisha tukaenda nyuma ya ukumbi kumtafuta, mimi na mama mkwe, tukipenya kati ya watu waliotupongeza. Tulimkuta amejikunyata ukutani, njuga bado miguuni, analia kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akilia hata makaburini.

"Umeumia?" nikamwuliza. "Ni mguu?"

Akatikisa kichwa. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Nilisahau, maman."

"Ulisahau nini? Ulicheza muzuri, hakuna kitu ulisahau."

"Nilisahau kama papa alikufa. Tangu ngoma ianze mupaka mwisho. Sikumufikiri hata mara moja."

Mimi ni mwalimu, maneno ndiyo kazi yangu. Nilitafuta la kumwambia, la mbinguni, la baba anafurahi huko aliko, na yote yalikuwa kama chakula cha jana. Lililobaki lilikuwa la kweli, na nililiona aibu hata kabla halijatoka.

"Na miye nilisahau."

Aliinua uso akanitazama. Kisha sote wawili, kwa pamoja, tukamgeukia mama wa marehemu, kwa woga.

Alikuwa amepiga magoti vumbini, anamfuta mjukuu wake uso kwa ncha ya kitenge. Hakuacha kumfuta. Alimaliza shavu moja, akahamia la pili.

"Na kesho mutanipeleka wapi?" akasema. "Na miye nataka nisahau kidogo."